Kumwandaa Mtoto kwa Upasuaji: Mwongozo Kamili kwa Mzazi, Kuanzia Nyumbani hadi Kurudi Nyumbani

Mwanangu alikuwa na miaka 4 nilipomdanganya. Nilimwambia tunaenda Marangu kwa bibi. Nikamvalisha nguo za Jumapili, tukapanda daladala, na tuliposhuka kwenye geti la hospitali akalitazama jengo, akanitazama mimi, akauliza, "Bibi anaumwa?" Nikajibu ndiyo. Nusu saa baadaye watu wawili walikuwa wamemshika awekewe kanula, kale kamrija ka kupitishia dawa kwenye mshipa, mkononi, naye wala hakuiangalia sindano. Alikuwa ananiangalia mimi.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa ngiri na ulikwenda salama. Kidonda kilifunga ndani ya wiki mbili. Lakini kwa miezi mingi baada ya hapo, kila nikitaja kwa bibi, mtoto anaingia uvunguni mwa kitanda.

Miaka mitatu baadaye mdogo wake, binti wa miaka 5, akatakiwa kutolewa tonsesi na nyama za puani. Safari hiyo niliuliza mapema, niliandika kwenye daftari, nikawasumbua manesi na wataalamu wa usingizi kwa maswali. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyakusanya. Mimi ni mama tu, mkazi wa Moshi. Pale hospitali yako itakapokupa maelekezo tofauti na haya, fuata ya hospitali.

Hatua ya 1: Jua kwanza wewe mwenyewe

Huwezi kumweleza mtoto jambo usilolijua. Siku daktari anaposema "tutampasua", usitoke chumbani na tarehe peke yake. Uliza ugonjwa unaitwaje na kitafanyika nini hasa. Uliza kama ni jambo la haraka au linaweza kusubiri shule zifungwe, atalazwa siku ngapi, nani ataruhusiwa kulala naye, na atapewa nusu kaputi au ganzi ya sehemu. Watoto wadogo wengi hulazwa usingizi kabisa, kwa sababu huwezi kumwambia mtoto wa miaka 3 atulie nusu saa. Ngiri ya kawaida mara nyingi mtoto huingia asubuhi na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Tonsesi hospitali nyingi humlaza usiku mmoja ili wamwangalie asije akavuja damu. Mfupa uliovunjika au kuungua moto ni habari nyingine, huko hesabu ni za siku nyingi.

Kwa ngiri nakuongezea hili ukiwa bado unasubiri tarehe: uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi ndani na mtoto anatapika, usisubiri tarehe hiyo. Mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Huku kwetu njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Mount Meru kwa walio Arusha na Mawenzi kwa walio Moshi. Kesi nzito hupelekwa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, ambayo tangu 1971 inapokea wagonjwa wa kanda nzima ya kaskazini. Kama unatoka Arusha mjini, ni kama kilomita 80 mpaka Moshi, na anayetoka Karatu au Babati anaijua safari yake. Ushauri wangu ni mmoja: kama upasuaji ni asubuhi, laleni Moshi usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa ndugu au gesti. Kumpandisha mtoto gari alfajiri akiwa na njaa, wewe huku unamwangalia dereva na saa, ni kuanza siku mkiwa mmeshachoka.

Suala la pesa limalizeni kabla. Sera ya serikali inasamehe gharama kwa watoto chini ya miaka 5 katika vituo vya umma, lakini hospitali za mashirika ya dini zina utaratibu wake, na bima nayo ina vibali vyake. Beba barua ya rufaa, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima. Ukiona mzigo haubebeki, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini, tena mapema, kabla bili haijatoka. Wengi hawajui kwamba ofisi hiyo ipo.

Hatua ya 2: Mwambie daktari yote, hata unayoyaonea haya

Kikohozi na mafua ni miongoni mwa sababu kubwa za upasuaji wa watoto kuahirishwa. Njia ya hewa yenye mafua husumbuka kirahisi mtoto akiwa kwenye usingizi wa dawa, kwa hiyo wataalamu huweza kuusogeza mbele wiki kadhaa. Inauma, hasa ukiwa umeshaomba ruhusa kazini. Hata hivyo usimpe dawa ya kukausha mafua ili "apite". Unamficha mtu atakayeshika pumzi ya mwanao.

Taja selimundu kama ipo kwenye familia, hata kama mtoto hajawahi kupimwa. Taja pumu, degedege, mzio wa dawa yoyote, na kama kuna ndugu aliyewahi kupata tatizo kwa nusu kaputi. Taja chanjo aliyopata wiki hizo, maana homa ya chanjo inaweza kuchanganywa na homa ya ugonjwa. Taja jino linalolegea.

Halafu kuna yale tunayoyanyamazia. Kama mtoto alikatwa kimeo mtaani kwa sababu ya kikohozi, sema. Kama aling'olewa yale wanayoyaita meno ya plastiki, sema. Kama bibi anampa dawa za mizizi au majani, sema na itaje jina. Unaweza kukemewa kwa dakika moja. Vumilia. Dawa za kienyeji nyingine zinaweza kugongana na dawa za usingizi au kuongeza kuvuja damu, na daktari hawezi kujikinga na asichokijua.

Hatua ya 3: Mwambie mtoto ukweli, kwa kipimo chake

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Anza kwa kuacha kitisho tunachokitumia karibu kila nyumba: "Ukilia nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano." Mtoto aliyelelewa na sentensi hiyo akisikia anaenda hospitali anajua kabisa amekosa kitu. Watoto wa miaka 3 hadi 6 tayari wana tabia ya kudhani ugonjwa umekuja kwa sababu ya utundu wao. Binti yangu aliniuliza, "Ni kwa sababu nilikula barafu?" Nikamshukuru Mungu kwamba ameuliza, maana kaka yake hakuwahi kuuliza. Mwambie waziwazi na urudie: hujakosa, hii si adhabu, tonsesi zinaumwa tu kama goti linavyoumwa.

Lini umwambie? Wa miaka 2 au 3, siku moja au mbili kabla inatosha. Ukimwambia wiki mbili kabla hana pa kuziweka hizo siku. Wa miaka 4 hadi 6, siku tatu mpaka tano. Wa miaka 7 na kuendelea mpe wiki nzima, maana huyo ana maswali na anahitaji muda wa kuyarudia. Mtoto mchanga haelewi maneno, ila anausoma mwili wako. Maandalizi yake ni wewe kula, kulala na kutulia.

Chagua maneno. Usimwambie "utalala kama babu alivyolala", kwa sababu kwetu tunasema marehemu amelala, amepumzika, na mtoto amesikia hayo msibani. Mwambie huu ni usingizi wa dawa, si kama wa usiku: daktari wa usingizi anakaa pembeni yako muda wote, husikii maumivu, na wakimaliza dawa inaisha unaamka. Mbele ya mtoto usitumie "kupasua" na "kukata" kama unaweza kusema "kutoa kinachouma" au "kurekebisha". Hata "nusu kaputi" ni neno la wakubwa. Nina jirani, mtu mzima, aliyeamini hadi juzi kwamba maana yake ni kufa nusu.

Usiahidi kwamba haitauma. Mimi nilisema hivi: "Kanula itauma kama kung'atwa na siafu, halafu inaisha. Ukiamka koo litauma. Ukisema linauma, watakupa dawa." Mtoto anaweza kubeba maumivu aliyoambiwa. Asiyoambiwa anayageuza kuwa usaliti.

Na kubalianeni maneno na ukoo. Utamwandaa mtoto siku nne, kisha shangazi afike jioni, amshike kichwa na kuanza, "Jamani maskini, ndiyo wanaenda kumpasua huyu!" Kazi yote imekwisha. Niliwapigia simu bibi, shangazi na mama mdogo, nikawaomba kwa heshima wote waseme maneno mamoja. Bibi alikubali kwa shida, lakini alikubali.

Hatua ya 4: Chezeni hospitali

Mchezo humwingia mtoto kuliko maelezo. Tulichukua mdoli, kitambaa cheupe, na bomba la sindano jipya lisilo na sindano, la duka la dawa. Binti yangu alikuwa daktari, mimi mgonjwa, kisha tukabadilishana. Tulifunika pua na mdomo kwa kikombe cha plastiki tukivuta pumzi kubwa kama anayepuliza puto, kwa sababu watoto wengi hulazwa usingizi kwa kinyago chenye harufu ngeni. Tulifanya hivyo jioni tatu mfululizo. Siku yenyewe alikishika kinyago mwenyewe.

Msikilize anavyocheza. Mdoli wake alipokuwa "amefungiwa chumbani peke yake" nilijua hofu yake iko wapi: kuachwa. Sindano ilikuwa ya pili.

Mfundishe pia kazi moja ya kwake. Wa kwangu kazi yake ilikuwa kuamkia shikamoo kila atakayeingia. Inaonekana ndogo, lakini mtoto anayeamkia na kuitikiwa "marahaba, hujambo?" anajiona mtu mbele ya watu wale, na wao wanamwona.

Hatua ya 5: Begi

Kanga mbili au tatu (shuka, kinga ya baridi, pazia la kunyonyeshea), sweta, hasa mwezi wa sita na wa saba ambapo asubuhi za Moshi na Arusha zinakata. Nguo zinazofunguka mbele, nepi au chupi za kutosha, ndala, beseni dogo, kikombe na kijiko chake mwenyewe, chupa ya maji moto, sabuni, chaja, pesa ndogondogo za chenji. Na kile kitu kimoja anacholala nacho, hata kama ni kipande cha kanga kilichochakaa. Usikifue kabla ya kwenda, kile kitu kinanukia nyumbani.

Msuke nywele za chini zisizo na chuma wala shanga. Futa rangi ya kucha, kwa sababu kipimo cha oksijeni huvalishwa kidoleni. Hereni, ushanga, cheni na hirizi hutolewa, kwa kuwa chuma kinaweza kumuunguza mtoto kwenye vifaa vya umeme vya chumba cha upasuaji. Kama familia yenu haivui kitu fulani, zungumza na nesi siku ya kulazwa. Ukisubiri mlangoni mtagombana.

Hatua ya 6: Kufunga, na kwa nini uji si maji

Akiwa na usingizi wa dawa, mwili wa mtoto hausimamii koo lake. Kilichoko tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Hilo ni hatari ya kweli, na ndiyo sababu wataalamu ni wakali.

Kipimo kinachotumika sana ni 6, 4, 2: saa 6 bila chakula wala maziwa ya ng'ombe au ya kopo, saa 4 bila maziwa ya mama, saa 2 bila maji. Tuseme anaingia saa 2 asubuhi. Mwisho wa chakula ni saa 8 usiku, kwa hiyo chakula chake ni kile cha jioni. Anayenyonya hunyonya mara ya mwisho kabla ya saa 10 alfajiri. Maji, au chai ya rangi isiyo na maziwa, mwisho saa 12 asubuhi. Hospitali nyingine zina saa zake, na ulichoambiwa ndicho cha kufuata.

Uji ni chakula. Hata ukiwa mwepesi kama maji. Maziwa ni chakula, mtori ni chakula, loshoro ni chakula, juisi ya embe au parachichi ni chakula. Mtoto wa jirani yetu aliahirishiwa upasuaji kwa sababu mama mkubwa wake, kwa huruma kabisa, alimpa vijiko vichache vya uji saa 11 alfajiri. Likitokea hilo kwako, sema. Kuahirisha ni hasara ya siku, kuficha kunaweza kuwa hasara ya mtoto.

Upande wa pili nao una kosa lake: kumfungisha mtoto tangu magharibi mpaka mchana. Uliza, "Ni wa ngapi kwenye orodha leo? Anaweza kunywa maji mpaka saa ngapi?" Orodha ikisogea, uliza tena. Mtoto mdogo akikaa muda mrefu bila maji analegea, na mwenye selimundu ndiyo zaidi. Na wewe usile chapati mbele yake.

Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Utapewa fomu ya ridhaa. Isome. Ikiwa imeandikwa Kiingereza na hukielewi, omba ielezwe kwa Kiswahili ndipo usaini. Hakikisha jina la mtoto na upande wa upasuaji, kulia au kushoto, vimeandikwa sawa. Watu watakuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa mara tano. Jibu mara tano, ni ukaguzi.

Kwenye kanula omba umpakate, kifua chake kwenye kifua chako, mkono mmoja tu umetolewa kwa nesi. Ni tofauti kubwa na kulazwa chali na kushikiliwa. Nilipoomba hivyo, nesi alisema, "Haya mama, kaa hapa," na ikaisha ndani ya dakika.

Hospitali nyingi hapa mzazi anaishia mlangoni. Usitoroke mtoto akigeuza macho. Sema kwaheri fupi yenye ukweli: "Mimi nakaa kwenye benchi hili. Ukiamka nitakuja." Kisha kaa kwenye benchi hilo. Ukienda msalani, muachie mwenzako mahali, asikose mtu wa kuitwa. Lia baada ya mlango kufungwa. Nimelia mimi, na kuna baba mmoja alinipa leso bila kusema neno.

Hatua ya 8: Anapoamka

Hili hakuna aliyeniambia mara ya kwanza, nikadhani mwanangu ameharibika akili. Watoto wengi, hasa wa umri wa chekechea, huamka kutoka kwenye dawa wakilia, wanarusha miguu, wanakusukuma, kama hawakujui. Ni dawa inaondoka. Kwa kawaida hutulia ndani ya nusu saa hivi. Mshike asianguke, asing'oe kanula, sema kwa sauti ya chini maneno yaleyale. Usimuulize maswali.

Maji kidogokidogo nesi akiruhusu, kisha chakula chepesi. Kutapika mara moja mbili hutokea. Maumivu usiyasubiri yapande. Mtoto aliyenyamaza na kukunja uso anaumia kama anayelia, kwa hiyo mwite nesi. Dawa ya maumivu hupimwa kwa kilo za mtoto. Usimpe aspirini, na usinunue dawa nyingine dukani bila kuuliza. Hata baadhi ya dawa za kikohozi zina kodeini, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza mwaka 2017 isitumike kwa watoto chini ya miaka 12, kwa kuwa inaweza kuzuia pumzi.

Hatua ya 9: Usiku wa wodini

Kwetu mama kulala na mtoto wodini ni jambo la kawaida. Uingereza ilibidi kamati ya Sir Harry Platt ipendekeze mwaka 1959 ndipo milango ya wodi za watoto ianze kufunguliwa kwa wazazi. Kwa hiyo hata kitanda kikiwa chembamba, ujue kulala kwako pale ni sehemu ya tiba.

Pangeni zamu, mtu mmoja asikeshe siku tatu. Nawa mikono kila unapomgusa. Wageni wapunguze. Kwa upendo wetu tunaweza kuleta watu kumi na mbili na mafua yao.

Hatua ya 10: Nyumbani

Kwa tonsesi, mtori wa moto ni adui, mtori uliopoa ni rafiki. Ndizi zisagike vizuri, mifupa na pilipili viondoke. Anywe na kula hata kama koo linauma, maana koo linalofanya kazi linapona. Utaona utando mweupe mahali pa tonsesi, mdomo utanuka, masikio yatauma. Hayo ni ya kawaida. Damu mbichi si ya kawaida siku yoyote, na mara nyingi huja siku ya kwanza au kati ya siku ya 5 na ya 10. Usiku msikilize: mtoto anayemeza mate mfululizo akiwa usingizini anaweza kuwa anameza damu. Washa taa uangalie, kisha mkimbize hospitali.

Kwa ngiri, weka kidonda kikavu kadiri ulivyoelekezwa, na aache kwanza kupanda miti na kuendesha baiskeli hadi daktari aruhusu.

Kwa upasuaji wowote rudi haraka ukiona homa ya kuanzia nyuzi 38, kidonda chekundu kinachovimba au kutoa usaha, kutapika kusikokoma, kukosa mkojo kutwa nzima, au pumzi ya shida.

Na atakojoa kitandani. Au atang'ang'ania sketi yako, au ataota ndoto mbaya, au ataongea kitoto. Wiki mbili tatu hivi. Usimchape wala kumcheka. Mrudishie mdoli na bomba, acheze hospitali mpaka achoke nayo mwenyewe.

Kama ulishamdanganya

Rudi ukamwambie. Mimi nilichelewa miaka mitatu. Ilikuwa wiki tunayomwandaa mdogo wake, naye alikuwa amekaa mlangoni akitusikiliza, miaka 7, kimya. Nikamwita nikamwambia, "Siku ile ya ngiri nilikudanganya. Niliogopa. Hukukosa wewe, nilikosa mimi. Nisamehe."

Akafikiri kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo bibi hakuwa anaumwa?"

"Hakuwa anaumwa."

Jumamosi iliyofuata aliomba twende Marangu.